Mti wa Mama Kwenye Rafu ya Mitumba

Halvor Prairie, Wisconsin
Alhamisi, 17 Novemba 1994

Mdogo wangu mpendwa Ardis,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kwa niaba ya theluji iliyotuangukia tangu jana bila kubisha hodi. U hali gani? Na kifundo cha mkono kimepona? Huu ni mwezi wa tatu unamwandikisha jirani yako barua. Hati yake ni nzuri kuliko yangu na yako, lakini mwambie asikasirike, nimeyakumbuka yale maandishi yako ya makucha ya kuku. Sisi tu wazima. Orville goti linamuuma akipanda ngazi, akishuka linapona. Daktari hajui sababu. Mimi naijua: juu kuna kazi, chini kuna televisheni.

Haya, keti nikupe habari. Mwaka huu akina mama wa kanisa wamenichagua mimi! Unaijua ile Jumamosi ya wiki moja kabla ya Krismasi, nyumba tano zinafungua jikoni zao, watu wanapita kutazama mapambo na kuonja biskuti, na michango yote inakwenda kwenye paa la kanisa. Miaka kumi na tisa nimepita kwenye jikoni za wenzangu nikisema "Jamani, pazuri!" huku roho inanikereketa. Sasa ni zamu yangu, Mungu anisamehe kwa furaha niliyo nayo.

Sinunui kitu kipya hata kimoja. Nataka vya zamani tu, vya enzi za Mama. Kila Alhamisi wakifungua duka la mitumba chini ya kanisa, wa kwanza mlangoni ni mimi. Nimeshapata kipigio cha mayai chenye mpini mwekundu, aproni yenye matunda mekundu kifuani, na vibati vya kukatia biskuti: nyota, kengele, na kulungu aliyevunjika mguu. Orville alipomwona kulungu akauliza, "Sasa biskuti zako zitakuwa na miguu mitatu?" Nikamwambia, "Zinakwenda tumboni, haziendi sokoni."

Ila mti mdogo wa Krismasi wa udongo, wenye taa za rangi kwenye matundu, kama ule wa Mama sijauona, na sitauona. Tulipopiga kura ya kugawana vitu vyake baada ya mazishi, wewe ukavuta karatasi ya jikoni, mimi nikavuta ya sebuleni. Nilitabasamu, nikasema mapenzi ya Mungu yatimizwe, kisha nikaenda bafuni nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Miaka saba sijakuambia. Nakuambia leo ili iishe.

Basi niandikie kama kawaida yako, Jumapili ya kwanza ya Majilio, unieleze ulivyopanga kila kitu. Nitafumba macho nione. Simu sitaki, maana kwenye simu wewe ni "sawa" na "haya", kisha umekata.

Dada yako,
Lavonne


Duluth, Minnesota
Jumapili ya kwanza ya Majilio, 27 Novemba 1994

Dada Lavonne,

Amani ya Majilio iwe nanyi nyote wawili, na goti la Orville pia. Mkono bado unasumbua, kwa hiyo Bi. Irja ananiandikia tena. Anakusalimu. Nimecheka kusikia umechaguliwa. Mama angeshona pazia jipya siku hiyo hiyo.

Uliniambia nikueleze. Haya, fumba macho.

Mti wa Mama uko kwenye dirisha la juu ya sinki, umetazama barabara, ili wapitao nao wapate chao. Taa zote zinawaka isipokuwa ile ya tatu kutoka kileleni, na tundu lake limezibwa kwa pamba vilevile. Ukiingia mlango wa nyuma, msumari wa kwanza ni kifimbo cha kusukumia lefse, zile chapati zetu za viazi, kile chenye mifereji, na msumari wa pili ni chujio. Kushoto kwa jiko kopo la unga, kulia la sukari, na la kahawa rafu ya juu yake, unalifikia bila kunyanyua kisigino. Mabakuli yamekaa moja ndani ya jingine: jekundu ndani ya la kijani, la kijani ndani ya la njano. Baba Krismasi na mkewe, vile vikopo vya chumvi na pilipili, wamesimama mezani kwenye sinia lao la bati. Kwenye kitasa cha tanuri nimefunga utepe mwekundu wenye kengele, unalia kila nikifungua.

Ninapokuambia haya taa zinawaka, na kioo cha dirisha kimekuwa na rangi nne.

Krismasi sitaweza kuja. Kuna mengi hapa. Usihuzunike.

Mdogo wako,
Ardis


Halvor Prairie
Alhamisi, 1 Desemba 1994

Ardis,

Salamu leo zitanisamehe. Nimeshamwaga kahawa mara mbili.

Barua yako ilifika jana. Nimeisoma, nikaitia mkobani, na leo asubuhi nikaenda nayo dukani kama mtu anayetembea na Zaburi. Wajua vitu vya Krismasi hufungiwa chumba cha nyuma hata vikiletwa Julai, na hutolewa Alhamisi ya kwanza ya Desemba. Phyllis anayeuza pale akaniita, "Lavonne, njoo huku, nimekufichia maboksi mawili. Usiwaambie wenzio watanichuna ngozi."

Nikafungua la kwanza. Bakuli la njano, ndani yake la kijani, ndani yake jekundu. Nikapindua kama tunavyopindua sote. Chini yake karatasi ya gundi, na juu ya karatasi, kwa hati ya Mama: G. OSTBY.

Hapo bado sikushtuka. Niliona ni rehema tu. Nilijiambia, Mama alibandika jina kila chombo kilichokwenda kanisani au kwenye msiba, na kila mwaka kimoja viwili havikurudi. Labda mtu amekufa, watoto wake wamekuta mabakuli ya Gudrun Ostby kabatini na wameona aibu kuyarudisha. Nikamwambia Phyllis, "Tazama, Mama yangu anarudishiwa vyombo vyake mbinguni!" Tukacheka.

Kisha nikafungua la pili.

Ardis, nilipoona kile kilele cha kijani nilikaa juu ya boksi la viatu. Nikauinua, nikaupindua: G.O. 1963, imekwaruzwa kwa msumari kabla udongo haujachomwa. Nikahesabu kutoka kileleni. Tundu la tatu, pamba.

Phyllis akaniambia, "Umeona mzimu?" Nikamwambia, "Nani ameleta hivi?" Akasema, "Mwanamke fulani, Oktoba, simjui, gari lake lilikuwa na namba za Minnesota."

Nami mkobani nina barua yako ya siku nne zilizopita. Taa zinawaka ninapokuambia haya!

Nimerudi nyumbani na maboksi yote mawili, makopo, kifimbo na Baba Krismasi vyote vimo, nimekupigia simu. Hakuna jibu. Orville anasema labda umeibiwa. Mwizi gani anaiba mti wa udongo akaupeleka sadaka kanisani? Na hata kama umeibiwa Oktoba, Novemba uliwasha nini?

Ungeniambia huvitaki, ningekuja kwa miguu. Nilikuandikia nikakufungulia moyo wangu kuhusu ile kura, na wewe ukanijibu kwa uongo, tena uongo wenye kengele na utepe. Mama angejua kwamba vitu vyake umevitupa kama takataka, angesema alizaa mtoto mmoja tu.

Sina zaidi.

Lavonne


Duluth
Jumanne, 6 Desemba 1994

Dada Lavonne,

Barua yako imefika. Umekosea, lakini sikulaumu. Mwaka ule wanawake kumi na wanane walifinyanga mti kama huo kwenye chumba cha chini cha kanisa, na Gladys Olson naye ni G.O. Wote waliokota pamba kwenye kopo moja. Kuhusu mabakuli, nilimpa mtu mengine, sikumbuki nani.

Wangu uko dirishani. Nautazama sasa hivi.

Usinipigie simu, ina hitilafu.

Ardis


Bi. Lavonne,

Hapo juu ni maneno aliyoniambia niandike, na nimeyaandika kama alivyosema, hata nukta sikubadilisha. Haya ya chini ni yangu mimi, Irja Koskela, mjane wa nyumba ya pili. Mdogo wako amekaa mbele yangu hivi sasa anakunywa kahawa. Anadhani ninaandika anwani kwenye bahasha. Anasema, "Leo anwani imekuwa ndefu," nami namwambia kalamu inakwama. Miaka sitini na minne sijawahi kufanya udanganyifu wa namna hii, Mungu ananiona.

Haoni, dada. Mkono hauna kitu, haujawahi kuwa na kitu. Ni macho. Yalianza kufa katikati, miaka miwili iliyopita, akawa anaona pembeni tu, anakutazama sikio ili akuone pua. Tangu Agosti hata pembeni pamekwenda. Madaktari wawili wamesema hakuna la kufanya. Septemba alishika jiko akidhani limezimwa. Kidonda kimepona vizuri, usiogope, lakini siku ile aliniambia, "Irja, fungasha jikoni yote, sitaki kuipapasa kama mwizi." Tarehe tisa Januari anahamia nyumba ya kutunzia wasiojiweza, ng'ambo ya mji. Ameshatia sahihi, mimi ndiye niliyemwonyesha mahali pa kutia.

Aliniambia nivipeleke popote wanapopokea sadaka. Mimi ndiye ninayeandika bahasha zako. Kwa hiyo nikaendesha gari kwa muda wa saa tatu hadi mji wako, maana ulishaandika kuhusu Alhamisi zako na duka la kanisani, na nikaviacha pale. Nilifika hadi kona ya barabara yenu. Niliona mtu mwenye goti bovu anashusha ngazi kwenye paa. Nikaogopa, nikageuka. Sikujua kwamba wanavifungia hadi Desemba.

Ile barua ya Majilio aliisema yote bila kusita, mkono wake unaonyesha hewani hapa msumari, hapa kopo. Nilikuwa naandika huku natazama kuta tupu.

Barua yako ya mwisho nilimsomea. Sentensi moja niliiruka, ile ya mtoto mmoja. Nisamehe. Au unishukuru.

I.K.


Duluth
Jumapili, 11 Desemba 1994

Lavonne,

Naandika mwenyewe. Nimeweka rula chini ya kila mstari na ninaisogeza. Kama mistari imepandana, hayo ndiyo makucha ya kuku uliyoyakumbuka.

Umepiga simu mara kumi na moja. Nimezihesabu zote, nimekaa kando yake. Mara ya kumi na moja Irja alianza kulia, akaniambia yote: maboksi, kona ya barabara yenu, na alichoandika nikidhani ni anwani. Nilimfukuza. Baada ya saa moja nikamwita, maana yeye ndiye anayejua chai ilipo. Nikamwambia asome na ule mstari alioruka. Akausoma.

Uliuma. Sasa umekwisha.

Sikukudanganya kwa dharau. Ulimtunza Mama miaka mitatu. Uliacha kazi. Ulikuwa unalala kwenye kiti. Siku ya mazishi mgongo wako ulikuwa umepinda kuliko wa wazee waliobeba jeneza. Niliapa pale kaburini kwamba hutamtunza mwingine. Ukija utaanza kunikatia nyama kwenye sahani. Usije.

Mti ni wako. Ilikuwa kura mbaya. Mimi nilikunja ile karatasi ya jikoni, nikaitambua kwa vidole, nikaivuta makusudi. Miaka saba nami sijakuambia.

A.


Halvor Prairie
Jumapili ya nne ya Majilio, 18 Desemba 1994

Mdogo wangu Ardis,

Bi. Irja, nianze na wewe. Salamu nyingi, mama, na Mungu akulipe kwa kila maili uliyoendesha. Msomee yote. Ukiruka hata mstari mmoja nitajua, na nitakuja Duluth na kifimbo cha lefse, sasa ninacho.

Haya, Ardis. Hujambo? Unakula? Kidonda kimefunga kweli, au naambiwa tu?

Nilipoisoma barua yako nilibaki mdomo wazi hadi Orville akauliza kama nimevunjika taya. Wewe uliiba kura! Kaburi la Mama halijakauka, na wewe unatambua karatasi kwa vidole! Nilikasirika kwa muda wa kuosha sahani mbili. Ya tatu ikanitoka mkononi, nikaanza kucheka, kisha nikalia, Orville akakimbilia gereji.

Siku kumi na saba mti umekaa kwangu sijauwasha. Miaka saba nilimwomba Mungu mti huu, nimeuomba kwa jina lake kama mtu anavyoomba mvua. Amenipa. Nami kila nikiupitia naona haya kama niliyeiba taa kwenye nyumba yenye giza.

Sikukuombea vizuri, mdogo wangu. Nisamehe na lile neno la mtoto mmoja. Mama alizaa wawili, mmoja mwizi na mwingine mwenye ulimi.

Sasa sikia nilichofanya.

Jikoni yangu ilikuwa tayari kwa wageni. Nilikuwa nimepanga mabakuli matatu dirishani yametanda kama maua, vibati vya biskuti nimevining'iniza kwa utepe, kipigio cha mayai nimekitia kwenye mtungi pamoja na matawi ya msonobari. Pazuri, jamani. Siku ya Jumatano nikavitoa vyote. Nikatoa barua yako ya Majilio, ile ya uongo, nikaibandika kwenye friji, na nikapanga kwa kuifuata mstari kwa mstari. Msumari wa kwanza, msumari wa pili. Unga kushoto, sukari kulia, kahawa juu, bila kunyanyua kisigino. Hata kengele ya tanuri. Ardis, ile haikuwa jikoni yako uliyonieleza. Yako ina dirisha upande mwingine, nimekuja mara ngapi! Ile ilikuwa ya Mama, na ulikuwa unatembea ndani yake.

Kisha nikajifunga aproni machoni. Nikamwambia Orville, "Kaa pale, usiseme kitu mpaka niungue." Nikapika kahawa. Nilitia maji sakafuni, nikampiga teke paka, nikampa Orville kikombe cha maji ya moto yenye unga. Akanywa, masikini. Akasema, "Imekuwa nzito kidogo." Mara ya pili nikatia sukari mahali pa kahawa. Mara ya nne ikawa kahawa. Mara ya tano nilifanya yote bila kugusa ukuta. Nikafungua aproni, nikamkuta mume wangu anafuta macho kwa taulo la sahani, anasema ni mvuke.

Jana wageni wakaja. Phyllis alisimama mlangoni na biskuti mkononi, akaangaza huku na huku. "Lavonne, mapambo yako wapi? Umeweka mti mmoja na makopo!" Mwingine nyuma yake, sitamtaja, akasema, "Miaka kumi na tisa anasubiri zamu, na hiki ndicho alichotuandalia." Nikawaambia, "Fumbeni macho, mnyooshe mkono wa kushoto, mniambie mmegusa nini." Wakanitazama kama nimelewa. Phyllis akafumba. Akagusa kopo, akasema "unga." Akanyoosha wa kulia, akasema "sukari." Akafika mpaka dirishani akaugusa mti, akapapasa matundu moja moja kutoka juu, akafika kwenye pamba. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni kwa ajili ya nani?" Nikasema, "Kwa ajili ya mdogo wangu. Anakuja kusukuma lefse." Wakaondoka wakitembea polepole. Yule nisiyemtaja alirudi baadaye kwa mlango wa nyuma na viazi kilo tano.

Ndiyo, nilisema unakuja. Sasa na mimi nimesema uongo wa Majilio, tuko sawa.

Sikuiti nikutunze. Mgongo wangu umepona na nyama utajikatia mwenyewe. Nakuita kwa sababu nimesukuma lefse miaka saba na kila moja imetoka na sura ya ramani. Mama alikuwa anasema nini? Donge ukilitazama limeshakuponyoka, lisikilize kwa vidole. Vidole hivyo alikupa wewe, ndivyo ulivyoniibia kura. Njoo uvilipie. Mambo ya tarehe tisa Januari ni yako, sitayagusa mpaka wewe uyaguse. Ukitaka kurudi, Orville atakurudisha. Ukitaka kukaa, kitanda cha chini kiko hatua kumi na moja kutoka sinki. Nimezihesabu nikiwa nimefunga macho. Bi. Irja naye aje, asije akageukia kona tena. Orville atawafuata Ijumaa, tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi.

Mti sijauwasha bado. Nakungoja. Bi. Irja aliniambia huoni, lakini taa zile zikikaa muda udongo hupata joto, unakumbuka? Tulikuwa tunapasha viganja tukitoka nje kwenye theluji, Mama anatufokea tutauangusha.

Kitu kimoja tu kimenishinda. Barua yako imesema kila mahali, ila Baba Krismasi na mkewe ulisema wako kwenye sinia, hukusema nani yuko upande gani. Mama alikuwa anatia chumvi kidogo kwenye kahawa bila kutazama, akiwa anaongea na mtu mlangoni. Nimejaribu huku nimejaribu huku, mkono wangu haukumbuki. Nikikosea, asubuhi ya Krismasi utatunywesha kahawa ya pilipili.

Nijibu upesi, kabla ya Ijumaa, kwa barua au pokea hiyo simu: chumvi ilikaa kushoto au kulia?

Dada yako,
Lavonne